Bahari ya Mzee wa Maabara

Mzee wa Maabara alikuwa akilamba vitu. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyeishi naye katika mtaa wetu wa wafanyakazi wa sementi, hapa Kasese, angeanza na hilo. Ukimpa maji ya kisima, atachovya ncha ya kidole, atalamba, atafumba macho, kisha atakuambia kisima kiko upande gani wa mto. Alilamba mawe ya chokaa kiwandani na udongo wa shamba la mkewe. Siku moja nilimwona akilamba ukuta wa kanisa jipya kabla haujapakwa rangi, mchungaji amesimama kando na funguo mkononi. "Hapa fundi amepunja sementi," akasema. Fundi akaitwa, akabisha kidogo, akakiri. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka tena.

Tulikuwa majirani kwa miaka kumi na miwili, ua wa michongoma kati yetu. Yeye alikuwa mkuu wa maabara ya kiwanda, aliyekuja kutoka Kenya akiwa tayari mtu mzima. Jina lake nililiona mara moja tu, juu ya bahasha, na sitaliandika hapa. Sote tulimwita Mzee wa Maabara, hata mkewe. Mimi aliniita Mama Chumvi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mama aliniachia vitalu vitatu vya chumvi katika ziwa la Katwe, na nimesimama ndani ya maji yale tangu usichana wangu. Baba alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili nilikinywa nyumbani pamoja na kelele za amri, na kama maneno yangu yana ukali, wa kulaumiwa ni huyo.

Mzee alikuwa na neno lake moja alilolitumia kwa kila kitu. "Usiniambie. Nipimie." Ukimwambia leo kuna joto, atakutazama kwa huruma, ataingia ndani, atatoka na kipimajoto. Mkewe akimwambia nyama imeiva, ataitafuta saa. Mgonjwa akisema anajisikia nafuu, Mzee atamshika mkono ahesabu mapigo kwanza ndipo amshukuru Mungu. Mchungaji alijua kwamba mahubiri yake yanapimwa kutoka benchi la mbele, na mara nyingine nilimwona akiruka mistari. Lakini mtu huyohuyo alikuwa akilia kwenye tenzi. Ubeti wa pili tu, machozi yanashuka, hayafuti. Nilimpenda kwa hilo, na leo linanichoma kuliko mengine yote.

Nilipofungua kibanda katika soko la Kasese, alinijia na mawe yake ya mizani ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha buluu. Akayapanga kwenye mizani yangu moja baada ya jingine, kimya. "Unawaibia watu," akasema. Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe mkono wa mizani ulikuwa umepinda bila mimi kujua. Akaunyoosha mwenyewe kwa koleo, akapima tena, akaridhika. Kisha akafunga chumvi yangu kidogo kwenye karatasi akaenda nayo kazini. Jioni alirudi na ukurasa ulioandikwa kwa mkono wake: Chumvi hii ya Katwe nimeipima. Haina mchanga. Haina chokaa. Ina magadi kidogo kwa asili ya ziwa lenyewe, si ya kumdhuru mlaji. Akatia sahihi. Sikumwomba karatasi hiyo. Niliitundika juu ya magunia, na wapishi wa hoteli, mama wa jikoni wa shule na mwoka mikate wakaanza kuja kwangu moja kwa moja. Mtu akisema chumvi yangu ni ghali, nilimwonyesha kwa kidole ukurasa ule tu.

Kwa hiyo jina langu lilijengwa na mkono wake. Siwezi kulificha hilo hata nikiwa na hasira.

Sasa bahari. Mzee hakuwa mtu wa pwani, wala hakujua kuogelea. Mto Nyamwamba ukijaa kidogo tu alisimama mbali na ukingo kama mbuzi. Bahari aliiona wiki moja tu maishani, alipopelekwa Mombasa kwa mafunzo, na huko wakampandisha kwenye boti yenye sakafu ya kioo. Alitazama chini saa nzima. Aliporudi alitusimulia matumbawe na samaki wa kila rangi mpaka tukachoka, kisha akatusimulia tena. Miaka ikapita, tukadhani yamekwisha. Halafu, mwanzoni mwa ile miaka ya elfu mbili na kumi, nikasikia nyundo. Alikuwa akivunja sakafu ya sebule yake.

Aliivunja ili amwage zege jipya, nene, maana alikuwa amepiga hesabu ya uzito wa maji. Juu ya zege akaweka meza ya vyuma iliyochomelewa mjini. Vioo vikaja kutoka Kampala juu ya lori, vimelazwa kati ya magodoro, vinene kuliko kidole gumba changu. Akaviunganisha kwa gundi ya silikoni, akakaa mbele yake siku kadhaa akingoja ikauke, anaigusa kwa kucha. Tangi lilikuwa refu kuliko kitanda changu. Chini yake kulikuwa na tangi dogo la kuchujia, na pampu, na mabomba kama ya bafuni. Sofa za harusi yao zikahamishiwa barazani, na mkewe akawa anawapokea wageni huko, mvua ikiwarukia.

"Watu wanasema mume wangu ameoa tena," aliniambia mama yule kupitia ua. "Mke mwenza ni ya kioo. Hata kumvuta nywele siwezi."

Maji ya bomba aliyakataa. Aliyapitisha kwenye chujio linalotoa tone kwa tone, siku tisa. Akayakoroga na chumvi maalumu ya bahari iliyokuja kwa basi kutoka Mombasa ndani ya ndoo, akapanga mawe ya matumbawe yenye vijidudu ndani, kisha akaacha. Wiki ya kwanza, ya pili, ya sita. Mtaa mzima ulipita kutazama, ukakuta maji na mawe.

"Sasa samaki iko wapi?" aliuliza kiongozi wa kwaya.

"Bado. Haya maji lazima yajifunze kuishi kwanza. Ukitia samaki leo, yatamuua."

"Banange! Maji gani inaua samaki?"

Mzee alicheka. Kila siku alitia maji kidogo kwenye vichupa, akadondosha dawa, akalinganisha rangi na kadi yake. Siku rangi zilipokaa alivyotaka, ndipo akaagiza samaki. Wakaja ndani ya mifuko ya plastiki iliyojaa hewa: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja mwembamba wa manjano, na mmoja wa buluu, buluu ambayo sijaiona tena mahali popote. Huyo wa buluu alikuwa akilala kwa ubavu kati ya mawe, na mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilipiga kelele kwamba amekufa. Nilipenda kwenda pale. Nilikuwa nikitoka sokoni, nanawa miguu, naenda kukaa mbele ya kioo kile hata bila kusema neno. Wakazi wa Kasese wengi hawajaiona bahari na hawataiona, nami ni mmoja wao.

Mwanzoni maji yake yalianza kuzidi chumvi, na yeye hakuelewa kwa nini. Kila maji yalipopungua, aliongeza maji ya chumvi, akapima, kipimo kimepanda. Nikamwambia, "Mzee, kwa kitalu jua inakula maji, chumvi inabaki. Wewe ongeza maji matupu." Alisimama akanitazama. Kisha akapiga paja lake, na Jumapili akawaambia watu nje ya kanisa kwamba Mama Chumvi amemfundisha kemia. Siku zile bado alikuwa na masikio.

Kioo kile kilimpa jina ambalo maabara haikumpa. Walimu walileta madarasa. Watalii wawili waliokuwa wakienda mlimani waliletwa kuona. Umeme ulipokatika, na ulikatika sana ingawa nyaya za kutoka kituo cha umeme cha Bugoye zinapita juu ya vichwa vyetu, alikuwa na betri za lori zimepangwa kwa mstari kuendesha pampu. Tangi likaanza kuitwa Bahari ya Kasese, na yeye akaanza kuvaa saa na viatu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Wakubwa wa kiwanda wakamtumia habari kwamba watakuja Jumapili moja baada ya ibada, pamoja na mchungaji, kula chakula na kuiona.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya wageni, gundi ya pembe moja ya tangi ikaachia.

Yeye na mkewe wakaiziba, lakini theluthi ya maji ilikuwa imekwenda sakafuni. Hapa hakukuwa na suala la jua. Maji yenyewe yameondoka na chumvi yake. Ndoo za chumvi ya bahari zilikuwa tupu, na mzigo mpya ulikuwa umekwama njiani. Mzee akaja kwenye ua wangu, suruali imelowa mpaka magotini.

"Mama Chumvi, nipe gunia moja. Ile ya daraja la kwanza."

"Ya kupika?"

"Ya tangi."

Nilidhani anatania. Mkewe alikuwa nyuma yake, ameshika matambara. Nikamwambia, na naandika maneno yangu kama nilivyoyasema: "Mzee, hapana. Chumvi yetu iko na magadi. Kwa sosi iko sawa, lakini sisi tunasimama ndani, tunajua, ile maji inachoma. Hakuna samaki kwa ziwa ya Katwe. Hata mmoja. Samaki yako itakufa. Ngojea mzigo."

"Usiniambie," akasema. "Nitapima."

"Wewe mwenyewe uliandika kwa karatasi, magadi iko ndani."

"Kidogo. Nimesema nitapima."

Alichukua gunia. Na kweli alipima. Alikoroga chumvi yangu katika mapipa, akachukua kile kidude chake cha kupimia chumvi, akatazama juani, kikamwambia kiwango ni sawasawa na cha bahari. Kidude kile kinajua wingi wa chumvi, hakijui ni chumvi gani. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote kutoka Kasese mpaka mpakani. Vichupa vyake vya dawa za rangi vilikuwa kabatini, hatua nne kutoka aliposimama, na hakuvigusa. Nimeliwaza jambo hili miaka mingi, na nadhani hakutaka kuambiwa.

Aliyamimina ndani ya tangi, na maji yote yakawa meupe. Magadi yalipokutana na madini ya chokaa yaliyomo katika maji ya bahari, yakageuka kama uji, na mtu aliyeishi maisha yake yote na chokaa alisimama akiangalia chokaa kikizaliwa mbele ya macho yake. Jumapili wageni walipoingia, samaki wa buluu alikuwa amelala ubavu kama kawaida yake, ila juu ya maji. Nami nilikuwepo, nimebeba sahani za wali kwa kumsaidia mkewe.

"Mzee, nini imefanyika?" aliuliza mchungaji.

Nilimwona akitazama viatu vya mkubwa wake. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kumhukumu fundi wa kanisa, "Nilinunua chumvi kwa jirani. Imechanganywa na chokaa."

Sahani sikuziangusha. Niliziweka mezani, nikamtazama mkewe. Mkewe akaanza kupanga vijiko.

Mtu wa maabara akisema chokaa, nani atamwamini mwanamke wa sokoni? Jumatatu mwoka mikate hakuja. Mama wa jikoni wa shule alipita upande wa pili wa njia, amegeuza uso. Wapishi wa hoteli walituma ujumbe kwamba wana akiba. Kufikia mwisho wa mwezi watoto walikuwa wakiniita Mama Chokaa. Sikuwa nimeibia mtu punje, na mizani yangu ilikuwa imenyooshwa na mkono wake huyohuyo. Nililia, ndiyo, lakini nililia nyumbani.

Nilishusha karatasi yake ukutani nikaenda nayo kwenye ua. Nikamwambia, "Mzee, hii mwandiko ni ya nani? Haina chokaa, umeandika wewe. Magadi iko, umeandika wewe. Twende kwa mchungaji, usome. Mistari nne tu. Sitaki kingine."

Akaipokea. Akaisoma yote, polepole, kama hajawahi kuiona. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Mimi nilipima," akasema, akaingia ndani.

Hakunirudishia. Kwa mchungaji nilikwenda peke yangu, mikono mitupu, naye akaniombea nipate roho ya kusamehe. Siku chache baadaye mkewe alinijia na mayai kumi na mawili ndani ya kikapu. Alikaa jikoni kwangu, akalia, akanishika mkono. Nikamwuliza, "Mama, wewe ulisikia nikimkataza?" Akajibu, "Nilisikia." "Utasema?" Akatazama mayai yake. Kisha akaaga.

Nilihamia Bwera. Pale soko liko karibu na mpaka, wanunuzi wanatoka ng'ambo, na nilidhani maneno yangechoka njiani. Hayakuchoka. Kila miezi michache mtu alisimama mbele ya magunia yangu akauliza kama mimi ndiye yule wa chokaa. Nimeishi na swali hilo miaka sita. Nimejifunza kulijibu bila kupandisha sauti, na jibu langu halijawahi kumtosha mtu.

Mzee alistaafu kwa heshima, na nilisikia kiwanda kilimpa saa ya ukutani. Mkewe alifariki. Yeye akaenda kukaa kwa binti yao aliyeolewa Nyakiyumbu, si mbali na Bwera. Tangi, wanasema, liliuzwa kwa mtu wa duka, likawekwa soda na maji baridi.

Siku moja ya soko, miaka ya mwisho ya muongo ule, nilikuwa nikisawazisha gunia nikaona kidole kinachovya. Sikuhitaji kuinua uso. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa kwa uzi, shati ni lilelile la mfuko mmoja. Alilamba, akafumba macho.

"Mama Chumvi," akasema.

"Mzee."

Watu walikuwa wakimsukuma. Kisha akainama karibu nami, akasema neno moja, "Ulinionya." Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi yangu. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, lakini mwandiko ulisomeka. Alikuwa ametembea nayo miaka yote hiyo. "Nimekuletea," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji kama kwenye ubeti wa pili.

Sitadanganya, moyo ulinilegea. Nilitaka kumpa kiti. Na pale pale akafika mteja, mama mmoja wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, ambaye hununua magunia mengi kwa mara moja, na ambaye kwa wiki tatu alikuwa akinizunguka bila kununua. Alimwona mzee mwenye miwani na karatasi mkononi, akamgeukia yeye.

"Papa, unamujua huyu mama? Batu banasemaka chumvi yake iko na chokaa. Mi nauzisha mbali, sitake matata. Iko muzuri ao iko mubaya?"

Nikamwambia Mzee, taratibu, "Msomee."

Mistari minne. Mchungaji hakuwepo, wakubwa hawakuwepo, hata kiwanda hakikuwepo. Alikuwepo mwanamke mmoja asiyemjua, na mimi. Akaitazama karatasi. Akamtazama yule mama. Midomo ikajiandaa, niliiona. Wanawake wawili wa vibanda vya jirani wakanyamaza ili wasikie, na mmoja wao alikuwa mtu wa Kasese.

"Sijui, mama," akasema. "Hii sijapima."

Mama wa Kasindi akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda kibanda cha tatu. Nilimtazama akichagua magunia kule, akigonga kila moja kwa kiganja.

Mzee akaomba chumvi kilo moja, ya kupikia. Nikapima. Sindano ikakaa mahali pake, nikamgeuzia mizani aione. Akachovya kidole tena, akalamba.

"Ni safi," akasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliyesimama mbele yake niliisikia kwa shida.

Karatasi alikuwa ameiweka juu ya gunia. Nikaichukua, nikaikunjua vizuri, nikamimina chumvi yake ndani, nikaongeza konzi moja ya nyongeza kama ninavyomwongezea kila mteja, nikaifunga, nikampa.